Vumbi Ndani ya Wingu: Suali Lililotoka Katika Mlango wa Maji

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.



Makala haya yametokana na suali moja lililoulizwa darasani kwetu, na pia yametokana na kosa letu wenyewe, kwa hiyo tunaomba mtusome kwa subira. Mwaka jana sisi wanafunzi wa darasa la juu tulipewa kazi ya kuandika gazeti la ukutani la chuo. Katika pembe ya elimu ya maumbile tukaandika, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, kuwa maji ya mvua ni maji matupu yasiyo na kitu chochote ndani yake, na kwamba vumbi na moshi unaopanda mawinguni ni uchafu ulioletwa na binadamu tu. Karatasi ile ilikaa ukutani miezi mitatu. Hakuna aliyetupinga, nasi tukajiona wanavyuoni.

Mwaka huu tulirudi katika mlango wa maji katika fiqhi. Tukafika pale panapohesabiwa maji yanayofaa kujitwahirishia, ya mvua na ya bahari na ya mto na ya kisima na ya chemchemi, kisha theluji na mvua ya mawe. Hesabu hiyo tumeihifadhi tangu tuko wadogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika theluji mkononi. Siku hiyo darasa la chini walikuwa wamekaa pamoja nasi kwa sababu maalimu wao alikuwa mgonjwa. Kijana mmoja mdogo akanyoosha mkono.

"Maalim, skuli tumesomeshwa kuwa kila tone la wingu lina chembe ya vumbi ndani yake. Sasa maji ya mvua ni twahara au si twahara?"

Tukacheka. Maalim hakucheka. Akatugeukia sisi wakubwa, akasema, "Nyinyi ndio mlioandika ukutani. Haya, mjibuni mdogo wenu." Tukanyamaza kama tuliomwagiwa maji. Akatupa muda wa mwezi mmoja. Jibu la kifiqhi atalitoa yeye mwenyewe, na habari ya wingu tuitafute sisi na tuje tuisome mbele ya chuo kizima.

Tulianza na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Ukitia maji ya uvuguvugu kidogo, ukafunga kifuniko, ukaiminya kwa nguvu kisha ukaiachia, hewa ya ndani hupoa kidogo na mvuke hutafuta kugeuka maji. Tuliminya, tukaachia, na tukaona utando hafifu tu, hata wengine wakasema hawaoni kitu. Kisha tukawasha kiberiti, tukakizima, tukaingiza moshi wake kidogo ndani ya chupa na kufunga tena. Mara ya kwanza tulishindwa kwa sababu kifuniko hakikukaza. Mara ya pili, tulipoachia tu, chupa ilijaa ukungu mweupe. Tukaminya, ukatoweka. Tukaachia, ukarudi. Yule kijana aliifanya mara ishirini mpaka tukamnyang'anya.

Jaribio lenyewe lina asili ya zamani. Mnamo mwaka 1880 mtaalamu wa Uskochi, John Aitken, alieleza jinsi alivyoingiza mvuke katika vyombo viwili. Kimoja kilikuwa na hewa ya kawaida, na cha pili kilikuwa na hewa iliyochujwa kwa pamba. Chenye hewa ya kawaida kilijaa ukungu, na chenye hewa iliyochujwa kilibaki kitupu. Baadaye akatengeneza chombo cha kuhesabia chembe za vumbi zilizomo hewani. Kwa hakika mvuke peke yake haupati pa kushika. Unahitaji kitu cha kukalia, na bila ya hicho hewa ingehitaji unyevu mwingi kupita kiasi ndipo tone lizaliwe. Kitu hicho huweza kuwa chumvi iliyorushwa na mawimbi, vumbi la jangwani, moshi wa msitu unaoungua, au salfa inayotoka katika volkano. Chembe moja ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Tone la wingu lililozaliwa juu yake lina upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita, na tone moja la mvua ni mkusanyiko wa matone ya wingu yapatayo milioni moja.

Kwa hiyo maneno yetu ya ukutani yalianguka yote mawili. Mvua haikosi kitu ndani yake, na vumbi la mawinguni lilikuwepo kabla ya binadamu kuwasha jiko la kwanza. Sisi tumeongeza tu, ingawa tumeongeza sana.

Hapo tungeweza kusimama, lakini yule kijana alikuwa ameuliza pia theluji inatoka wapi, nasi tukaifuata theluji mpaka kwenye ncha mbili za dunia. Huko ndiko tulikokuta mambo ambayo hatukuyatarajia.

Kwanza ni mwangaza wa wingu. Kila mama anajua kuwa chumvi ya mawe ina rangi ya maji maji, na ukiitwanga ikawa unga inakuwa nyeupe pepe. Barafu la kipande kule sokoni kwa wauza samaki unaliona ndani, na likisagwa haliruhusu macho kupita. Kitu ni kile kile, kilichoongezeka ni nyuso za kurudisha nuru. Dada mmoja wa darasa letu alituonyesha kwa unga wa chapati. Ukichukua donge moja la mviringo ukaligawa madonge manane yaliyo sawa, kila dogo lina nusu ya upana wa lile kubwa, na ukijumlisha ngozi za yote manane unapata mara mbili ya ngozi ya donge la mwanzo. Tulipiga hesabu kwa kalamu ikatoka hivyo hivyo.

Na wingu ndivyo lilivyo. Chembe zikiwa chache, maji yaliyopo hugawanyika katika matone machache makubwa. Zikiwa nyingi, maji yale yale huwa matone mengi madogo, na wingu huwa jeupe zaidi na hurudisha nuru nyingi zaidi ya jua angani. Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu, katika maandishi yake ya mwaka 1974, ni Sean Twomey, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Australia na baadaye Marekani. Maana yake ni kwamba moshi wa viwanda, pamoja na ubaya wake, umekuwa ukiyang'arisha mawingu na kuipunguzia dunia sehemu ya joto.

Tulidhani sasa tumemaliza. Tukaandika kwenye daftari, "Moshi zaidi, wingu jeupe zaidi, dunia baridi zaidi." Lakini kule ncha ya Kaskazini kanuni hiyo inapinduka.

Katika miaka ya 1950 marubani wa Marekani waliokuwa wakiruka juu ya bahari ya Aktiki walikuwa wakiona utando wa kahawia katika hewa ambayo kila mtu alidhani ni safi kuliko zote. Baadaye ikajulikana kuwa ni moshi wa viwanda vya Ulaya na Asia, unaosukumwa na pepo kuelekea ncha wakati wa kipupwe na mwanzo wa kuchipua majani, na kwa kuwa huko hakuna mvua nyingi ya kuuosha, hukaa. Sasa fikirini, ndugu zetu. Wakati wa kipupwe kule juu jua halichomozi kwa wiki nyingi, na kwenye ncha yenyewe ni miezi sita. (Suali la vipindi vya swala kwa mtu aliye huko liliulizwa papo hapo, nasi tumemwachia Maalim.) Wingu litarudisha nuru gani wakati jua halipo? Na hata jua likirudi, chini ya wingu kuna theluji ambayo nayo ni nyeupe, kwa hiyo wingu kuwa jeupe zaidi hakubadilishi mengi.

Linalobaki ni kazi ya pili ya wingu, nayo ni kuwa blanketi. Wingu hupokea joto linalopanda kutoka chini na kulirudisha chini. Wingu jembamba lenye matone mengi madogo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko wingu jembamba lenye matone machache. Mwaka 2006 makundi mawili ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yalitangaza vipimo vilivyochukuliwa katika mji wa Barrow, kaskazini kabisa ya Alaska, mji ambao tangu mwaka 2016 unaitwa kwa jina lake la wenyeji, Utqiaġvik. Walilinganisha mawingu membamba yaliyopata moshi na yasiyopata. Yenye moshi yalipeleka chini joto la ziada kama wati 3 hadi 5 kwa kila mita mraba. Si nyingi kwa kuitamka, lakini zikimwagwa juu ya barafu usiku na mchana ni jambo jingine.

Kuna siku huko ambapo hewa ni safi mno hata wingu linashindwa kukaa. Mwaka 2008 meli ya Sweden ya kuvunjia barafu, Oden, ilikaa katikati ya barafu ya Aktiki na wataalamu wakihesabu chembe. Zilipopungua chini ya 10 kwa kila sentimita ya ujazo, wingu lilikuwa kama mtungi uliotoboka, matone machache yaliyokuwepo yalinenepa na kuanguka, na anga likafunguka. Katika mitaa yetu, penye magari na majiko ya mkaa, chembe huhesabiwa kwa maelfu katika nafasi hiyo hiyo.

Moshi una jambo jingine tena. Ule unaosaidia kuzaa matone ukianguka kama masizi juu ya theluji huifanya theluji iwe nyeusi kidogo, ivute jua na iyeyuke. Juu unang'arisha, chini unatia weusi.

Ncha ya Kusini ni kinyume. Kule Antaktika imezungukwa na bahari, viwanda viko mbali, na hewa ni katika hewa safi kabisa zilizobaki duniani. Sisi tulidhani maji yakifika sifuri huganda, basi. Kumbe tone dogo la wingu huweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na likiachwa peke yake bila ya chembe ya kuligandisha linaweza kuvumilia mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Chembe zinazoweza kugandisha ni za aina maalumu, kama vumbi la udongo, na juu ya Bahari ya Kusini ni adimu sana. Barafu ikizaliwa ndani ya wingu huwanyonya mvuke majirani zake, hukua, huanguka, na wingu hubaki jembamba na hafifu. Isipozaliwa, wingu hubaki la maji, zito na jeupe.

Jambo hili liliwatia wataalamu katika kosa linalofanana na letu la ukutani, nasi tulifarijika kidogo tulipolisoma. Kwa miaka mingi hesabu za kompyuta za hali ya hewa ziliyapa mawingu ya huko barafu nyingi kuliko yaliyo nayo, kwa hiyo katika hesabu hizo jua jingi mno lilikuwa likiingia baharini. Mwezi wa Januari na Februari mwaka 2018 ndege ya utafiti ya Marekani iliruka mara nyingi kutoka Hobart, Tasmania, ikaingia ndani ya mawingu hayo kupima chembe, matone na barafu. Na kosa hili halikuwa dogo. Wingu la barafu, joto likizidi, hugeuka la maji na kuwa jeupe zaidi, na hivyo huizuia joto kama breki. Ikiwa wingu tayari ni la maji, breki hiyo ni dhaifu kuliko tulivyohesabu.

Kinachozaa matone huko kusini kwa sehemu kubwa ni bahari yenyewe. Mawimbi hurusha chumvi, na mimea midogo mno inayoelea, isiyoonekana kwa jicho, hutoa gesi yenye salfa ambayo hewani hugeuka chembe. Mwaka 1987 wataalamu wanne, mmoja wao James Lovelock, walitoa rai kuwa mimea hiyo na mawingu huenda vinaongozana, hii ikiathiri ile. Rai yao imepingwa kwa mengi, lakini kuwa gesi ya mimea ile inafika mawinguni hakuna anayelikataa.

Sasa tuje kwenye mabishano, maana tulibishana mpaka sauti zikafika barazani. Ami yake mmoja wetu ni baharia, anafanya kazi katika chumba cha injini. Alipokuja likizo tulimuuliza, akatueleza kuwa tangu tarehe 1 Januari 2020 meli zimelazimishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari kupunguza salfa katika mafuta yao kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Zamani meli zilipopita chini ya mawingu ya bahari ziliacha mistari myeupe inayoonekana katika picha za setilaiti, kama mtu aliyepitisha chaki. Baada ya mwaka 2020 mistari hiyo ilipungua sana. Hewa imesafika, na mawingu yamepoteza weupe wao wa kuazima, na jua linaingia baharini zaidi, ingawa wataalamu wanatofautiana kwa kiasi gani.

Mwenzetu mmoja akasema kwa haraka, "Basi bora moshi ungeachwa." Na hakusema kwa mzaha. Bibi yake yuko Pemba, na bonde lake la mpunga limeanza kuingia maji ya chumvi. Bahari za dunia zilipanda kwa kama sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na 2018, na barafu ya Greenland ikiyeyuka yote peke yake inatosha kuzipandisha mita saba. (Ni haki kusema kuwa kukata mikoko na kuchimba mchanga navyo vimechangia katika bonde lile, na hayo hayakufanywa na mtu wa Ulaya.) Tulimsomea pia habari ya Julai 2012, ambapo kwa siku chache karibu uso wote wa barafu ya Greenland uliyeyuka, hata kule juu kabisa. Wataalamu waliokuwa huko waliona kuwa mawingu membamba ya maji yalisaidia, kwani yalikuwa membamba kiasi cha kupitisha jua na mazito kiasi cha kuwa blanketi. Yeye akazidi kushikilia.

Aliyemjibu ni dada yule wa madonge ya unga. Mdogo wake ana pumu, na siku za moshi wa taka mtaani kwao hulala amekaa. Akasema, "Wewe unataka bonde la bibi yako lipoe kwa pumzi ya ndugu yangu?" Kimya kikatanda. Hakuna kati yetu aliyetaka kusema neno la pili.

Lililotutoa pale ni hesabu ya muda. Chembe za salfa hukaa hewani siku chache au wiki, kisha mvua huziosha. Hewa ya ukaa inayotoka katika mafuta hayo hayo huwa imebaki sehemu yake kwa mamia ya miaka. Anayetaka kujifunika joto kwa moshi itambidi awashe moshi kila wiki maisha yake yote, na ya wanawe, huku linalomuunguza likizidi kurundikana. Ndugu yetu wa Pemba alikubali hesabu. Alituambia pia kuwa hesabu haijampunguzia bibi chumvi, na katika hilo hatukuwa na la kumwambia.

Siku ya kusoma ilipofika tulisimama mbele ya chuo, tukaanza kwa kukiri kosa la gazeti. Baadhi yetu tulitaka kuingiza aya ya 22 ya Surat Al-Hijr, inayotaja pepo za kupandishia, tuseme kuwa ndiyo hizi chembe zenyewe. Tumeona watu wengi wakiandika hivyo. Maalim alitukataza. Alisema wafasiri wameshaieleza aya hiyo kwa mawingu na miti, nasi tusimuamini Allah kwa dhamana ya kitabu cha Mzungu, kwani kitabu hicho kesho kinaweza kusahihishwa, kama yalivyosahihishwa yale mawingu ya kusini. Tukaiacha.

Kisha akamwita yule kijana, akamkalisha mbele, akampa jibu lake la fiqhi. Maji yaliyochanganyika na kitu kisichoweza kuepukwa, kama udongo na vumbi linaloletwa na upepo, hayatoki katika utwahara wake maadamu yanaitwa maji. Wanavyuoni walilisema hilo kwa ajili ya mito na visima, na tone la wingu halina tofauti. Kijana akauliza, "Hata la theluji ya kule kwenye masizi?" Maalim akacheka kwa mara ya kwanza, akasema, "Hata la kule, mwanangu. Ukifika utatawadha."

Mvua ya kwanza ya masika ilipoanza tuliweka sahani nyeupe juu ya paa la chuo, tukaiacha ijae kisha ikauke kwa jua. Tunajua kuwa si ushahidi kamili, kwa kuwa mvua huosha pia vumbi la njiani inapoteremka. Tulipoishusha palikuwa na duara jembamba la kijivu. Kijana alilipitisha kidole, akakitazama, akatunyooshea sote mmoja mmoja tukione. Karatasi mpya ya ukutani ameiandika yeye, kwa wino mweusi.

Wabillahi tawfiq.